Sindano za Fundi wa Mwaya na Joto la Mama

Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa Mwaya, kandokando ya ziwa, katika miezi ile ya baridi ambayo upepo hupenya kati ya mianzi ya ukuta na kila aliye ndani husogelea moto. Ilikuwa enzi za Wajerumani, miaka michache kabla ya vita. Mama yangu alikuja kutoka Ngonga kunitunza, kama mama yeyote wa kwetu anavyomjia binti yake aliyejifungua. Alitembea na mkungu wa ndizi kichwani na kibuyu cha maziwa ya mgando mkononi, na alipofika hakuketi. Aliutua mkungu, akanawa, akanyoosha mikono.

"Nipe mtu wangu," alisema.

Nilimpa. Akamtazama mtoto usoni, akamnusa shingoni, akacheka peke yake. Sikuwa nimelala vizuri tangu nijifungue, kwa hiyo nilijinyoosha mkekani pale pale na usingizi ukanichukua kabla hajamaliza kucheka.

Mama alikuwa mwanamke mrefu, mwepesi, mkulima wa ndizi na mpunga. Tangu utoto wangu sikuwahi kumwona amelala mchana. Alikuwa amebatizwa kwenye misheni ya Ipyana, na Jumapili aliimba kwa sauti nzito iliyowashangaza wageni, lakini siku nyingine alisema machache. Baba alikuwa amekwisha kuwa mzee na anakaa zaidi na ng'ombe wake. Shamba lilikuwa mikononi mwa Mama, na tulimjua kama mtu asiyechoka.

Ndiyo maana nilishtuka nilipomwona akikimbia nje.

Alikuwa ameketi karibu na moto, mtoto amelala magotini kwake, anamwimbia. Ghafla aliacha kuimba. Uso wake ulibadilika, ukawa kama wa mtu aliyeinamia chungu kinachochemka. Jasho lilimtoka kipajini na juu ya mdomo, likamshukia shingoni. Akasema, "Mchukue! Mchukue!" Nikampokea mtoto, naye akatoka akiwa anavuta nguo kifuani. Nilimfuata hadi mlangoni. Upepo wa ziwani ulikuwa unapiga, mimi natetemeka, na Mama amesimama uwanjani kifua wazi, anajipepea kwa kipande cha jani la mgomba.

"Ni homa, Mama?"

"Si homa. Rudi ndani, utampa mtoto baridi."

Baada ya muda mfupi joto lile lilipita. Akarudi ndani akiwa ameloa, sasa yeye ndiye anatetemeka, akajifunika nguo niliyompa. Nilidhani limekwisha. Lakini lilirudi mchana ule ule, likarudi kesho yake na siku zilizofuata. Lilimkuta akisonga ugali wa ndizi, lilimkuta akiomba. Usiku nilimsikia akigeuka na kugeuka, kisha mlango ukifunguliwa. Asubuhi macho yake yalikuwa mekundu.

Siku moja alikuwa anamwogesha mtoto katika chungu kipana cha Wakisi, wafinyanzi wa kando ya ziwa, tulichokitumia kwa kazi hiyo. Nilikuwa nimeketi kando, nachambua mchele. Joto likampanda. Mikono yake ilikuwa na maji na mafuta, na nadhani alijaribu kuharakisha ili amalize kabla halijamzidi. Mtoto akamponyoka. Alianguka ndani ya maji, si mbali, na Mama alimnyakua papo hapo; mtoto akakohoa, akalia, akawa mzima. Mimi hata sikuwahi kuinuka. Lakini Mama alimweka mapajani kwangu, akarudi nyuma hadi ukutani, akakaa na mikono yake imefichwa makwapani.

Tangu hapo hakumgusa mtoto.

Alipika, alichota maji, alinifulia, alinikanda tumbo kwa maji ya moto kama mzazi anavyokandwa. Lakini nilipomnyooshea mtoto, aligeukia kazi nyingine. "Nina masizi mikononi," alisema. Au, "Ngoja nikoleze moto." Niliona alivyokuwa akimtazama anapodhani simwoni, na roho iliniuma.

Jirani yetu alikuwa shangazi wa mume wangu, mama mtu mzima, mwema kwa chakula na mkali kwa maneno. Naye aliliona joto la Mama. Jioni moja alinivuta pembeni ya nyumba.

"Mama yako damu yake ya mwezi inakuja?"

Nilisema sijui. Kweli sikujua. Kwetu mambo hayo binti hakumwuliza mama yake.

"Basi ujue," alisema. "Mwanamke anayetoka jasho hivyo, hapati usingizi, chakula hakitaki, mimi namwona ana mimba. Na wewe una mtoto mchanga. Mama na binti kuzaa pamoja, unajua watu watasemaje."

Nilijua. Kwetu, binti akishaolewa na kuzaa, mama yake alitakiwa kuwa amekwisha kuacha mambo ya kuzaa. Mama aliyebeba mimba wakati binti yake ananyonyesha alionekana kama mtu anayegombania chakula na mwanawe, na mtoto wa yeyote kati yao akiugua, lawama zilijulikana pa kwenda. Sisi tulikuwa Wakristo, tulifundishwa kutoyaogopa hayo, lakini mambo uliyonyonya na maziwa hayatoki kwa ubatizo wa siku moja. Niliporudi ndani sikuweza kumtazama Mama. Mbaya zaidi, niliona kwamba yeye alikuwa amesikia. Ukuta wa mianzi hausitiri maneno.

Alikuwa akimenya ndizi, na aliendelea kumenya mpaka zikazidi hitaji letu.

Sasa nieleze habari za fundi.

Mume wangu alikuwa seremala katika sehemu ya kutengenezea mashua pale Mwaya. Wajerumani walikuwa na meli yao na mashua za kubebea mizigo, na mbao za ziwani huoza, kwa hiyo kazi haikwisha. Mkuu wake katika kazi ya mbao alikuwa Mchina. Watu hawakuwahi kuona mtu wa namna ile, na siku za kwanza walikuja kutoka mbali, hata Ikolo, kumtazama akipiga randa. Alikuwa ameletwa pwani na wenzake wengi kwa kazi za mashamba makubwa. Wenzake wengine walikufa, wengine walirudi kwao, yeye akajifunza useremala akabaki, na mwishowe akaja huku bara na msafara, akiwa ametakiwa kwa ajili ya mashua. Alikuwa mtu wa makamo, mfupi, mwenye vidole virefu kuliko mwili wake ulivyostahili. Alisema Kiswahili cha pwani, ila herufi nyingine zilimshinda na alizipita kama mtu anayeruka mfereji.

Mume wangu alimpenda. Aliwahi kuniambia kwamba bega lake lilipokaza hata hawezi kuinua msumeno, fundi yule alimchoma sindano nyembamba begani na mkononi, akamwacha nazo amekaa kama nungunungu, na bega likalegea. Mimi nilicheka sana. Nilimwuliza kama alimshonea na kiraka.

Siku ile fundi alikuja nyumbani kuleta ubao aliomwahidi mume wangu, wa kutengenezea kitanda cha mtoto. Mume wangu hakuwapo. Mama alikuwa uwanjani, joto limempanda, anajipepea, jasho linamchuruzika, na milima ya Wakinga ng'ambo ya maji imefunikwa mawingu ya baridi. Fundi alisimama na ubao wake begani. Hakumkodolea macho, alimwangalia kidogo tu, akauweka ubao chini, akaja kwangu mlangoni.

"Huyu ni mama yako?"

"Ndiye."

"Linakuja, linakwenda? Moto, halafu baridi?"

Nilimwuliza amejuaje.

"Mama yangu," alisema. "Alikuwa hivi. Alikuwa anatoka nje kwenye theluji." Ndipo akalazimika kunieleza theluji ni nini, na hata sasa sina hakika kwamba nilielewa. "Mjomba wangu alikuwa mganga wa sindano. Mimi nilijifunza kwake kidogo, kabla ya kupanda meli. Kidogo tu, si kama yeye. Lakini hili nililiona kwa macho yangu. Mwulize mama yako kama anataka nimtazame."

Nilimwambia Mama. Nilitegemea akatae. Alijifuta shingo, akaniuliza, "Ndiye aliyemponya bega mumeo?"

"Ndiye."

"Basi na aje kesho, mchana, watu wakiona. Na shangazi awepo."

Kesho yake fundi alikuja baada ya kazi, jua likingali juu. Tulitandika mkeka barazani. Shangazi alikuwa ameshaketi, amejifunga nguo vizuri kama anakwenda kanisani. Mume wangu, kwa heshima ya mama mkwe, alipita nyuma ya nyumba akakaa huko akichonga kitu. Kwa hiyo mkalimani nilikuwa mimi. Mama alijua salamu za Kiswahili na hakuna zaidi. Fundi alijua salamu za Kinyakyusa na hakuna zaidi.

"Mugonile," fundi alisema, akimsalimu kama mtu mzima anavyosalimiwa, na shangazi akaguna kwa kuridhika.

Aliomba mkono wa Mama. Akaweka vidole vitatu juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, akafumba macho. Akakaa hivyo kwa muda mrefu. Kisha mkono wa pili. Akaniambia nimwulize kama anapata usingizi. Nikauliza. Akaniambia nimwulize kama anasikia kiu, na kama moyo unampiga mbio. Nikauliza, Mama akajibu. Halafu akasema, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Mwulize damu yake ya mwezi ilikoma lini."

Nilikuwa mke wa mtu na mama wa mtoto, lakini mbele ya Mama nilikuwa binti bado, na mbele yetu amekaa mwanamume mgeni. Nilimgeukia Mama.

"Anauliza unaendeleaje."

Mama alinitazama. "Mbona yeye amesema maneno mengi na wewe umesema machache?"

Fundi alinitazama pia. "Umemwuliza?"

"Nimemwuliza."

"Amejibu nini?"

Shangazi, aliyejua Kiswahili kidogo cha sokoni, alianza kutikisika mabega kwa kicheko. Nyuma ya nyumba patasi ya mume wangu ilikuwa imenyamaza. Nikainamisha kichwa, nikalisema swali lote kama lilivyokuwa, nikitazama mkeka.

Mama hakukasirika. Alivuta pumzi, akasema taratibu, "Mwambie ilianza kuruka miezi zamani. Halafu ikakoma kabisa, tangu mavuno ya mpunga ya mwaka jana. Na mwambie jambo lingine. Mwambie naogopa nina mimba. Nimeogopa siku zote hizi. Najiangalia tumbo kila asubuhi."

Niliyatafsiri maneno hayo neno kwa neno. Nilikuwa nimekaa naye nyumba moja, nimekula chakula chake, wala sikujua kwamba alikuwa amebeba hofu hiyo peke yake. Tena nilikuwa nimemwogopa kwa sababu ile ile.

Fundi aliushika tena mkono wake, akarudia kusikiliza mshipa. Kisha akatikisa kichwa.

"Hana mimba. Mavuno ya mwaka jana mpaka leo, angekuwa amekwisha kuzaa. Na mshipa wa mimba nakwambia naujua. Mwambie huyu ni mwanamke ambaye damu yake inapumzika. Imefanya kazi miaka mingi, sasa inaacha, na inapoacha mwili hauelewi, unawaka na kuzimika. Si ugonjwa mbaya. Mama yangu alikuwa hivyo. Mama yake mama yangu alikuwa hivyo."

Nilimwambia Mama. Aliuliza, "Amesema sina?"

"Huna, Mama."

Alijifunika uso kwa nguo yake, akalia. Hakulia kwa sauti. Shangazi, yule yule aliyenivuta pembeni ya nyumba, alisogea akamshika goti. "Dada," alimwambia, "nisamehe. Mimi damu yangu ilikoma bila moto, ndiyo maana sikujua." Wakakaa hivyo, goti kwa goti, na fundi alitazama pembeni kuelekea ziwani mpaka wamalize.

Sindano zake alizihifadhi ndani ya kipande cha mwanzi kilichozibwa kwa nta. Zilikuwa nyembamba kama unywele wa singa, hazikufanana na sindano za kushonea. Nilimwomba nizione kwanza. Akanipa moja nikaigusa, ikapinda na kurudi. Alizichemsha katika maji, akanawa mikono yake hadi viwikoni. Mama alipoziona alisema jambo ambalo sikumtafsiria fundi: kwamba mchana ule ule alikuwa amechomwa na miiba mikubwa zaidi akikata kuni.

Alimlaza chali. Moja aliiweka ndani ya mguu, juu ya kifundo, baada ya kupima kwa upana wa vidole vyake. Nyingine mguu wa pili. Nyingine kwenye vifundo vya mikono, pale mkono unapokunjika, na nyingine chini ya viwiko. Mama hakukunja uso. Nilimwuliza anasikia nini.

"Kama mtu anavuta uzi ndani ya mguu," alisema. "Si maumivu. Ni kitu kizito, kinatembea."

Fundi alifurahi kusikia hivyo. Alikaa kando, akawa anazizungusha sindano kidogo kidogo kwa ncha za vidole. Hakusema maneno ya kiganga, hakuimba, hakutazama mbingu. Baada ya muda tulisikia Mama anakoroma. Mama yangu, ambaye sikuwahi kumwona amelala mchana, alikoroma barazani mbele za watu huku sindano zimemsimama mwilini. Nilicheka na kulia kwa pamoja.

Nisingependa mtu adhani kwamba siku hiyo hiyo joto lilikoma. Halikukoma. Lilirudi asubuhi yake. Lakini usiku alikuwa amelala, na mtu aliyelala usingizi hupambana vizuri zaidi. Fundi alikuja tena baada ya siku kadhaa, kisha tena. Tulizoea. Shangazi alileta ushonaji wake, mimi nilinyonyesha, fundi alituambia habari za kwao, za mito inayoganda na watu kutembea juu yake, nasi tulimwambia kwa adabu kwamba hayo tunayasikia.

Katikati kulikuwa na siku mbaya. Joto lilizidi kuliko mwanzo, na Mama alikasirika. "Mwambie asije tena," alisema. "Amenitoboa bure." Nilimwambia fundi, nikiwa naona aibu. Hakujitetea.

"Huenda anasema kweli," alisema. "Mjomba wangu angejua sababu. Mimi najua sehemu hizi chache nilizoonyeshwa. Mama yangu naye halikumwisha lote, lilipungua, akaweza kuishi nalo. Mwambie nitakuja siku ile ile kama kawaida. Akitaka, upo mkeka. Asipotaka, nitakaa na mumeo."

Alikuja. Mama alikuwa ametandika mkeka mwenyewe.

Habari zilifika Ipyana, na mzee mmoja wa kanisa akatumwa kutuona. Alikuwa mtu wa haki, na swali lake lilikuwa la haki pia, kwa maana tuliahidi kuacha uganga na ramli, na sasa Mkristo mwenzetu alikuwa anachomwa vyuma na mgeni asiyejulikana anaabudu nini. Alifika siku ya sindano. Alimwuliza fundi kwa Kiswahili chake kizuri, "Unapomchoma, unamwita nani?"

Fundi hakuelewa. "Simwiti mtu. Mama huyu mwenyewe hata jina lake silijui."

"Hakuna mizimu?"

"Kuna sindano," fundi alisema, "na kuna mahali pa kuichoma."

Mzee alimgeukia Mama. Mama alikuwa amekwisha kulala chali. Alimjibu kutoka mkekani, kwa ile sauti nzito aliyoitumia kwa nyimbo tu. "Mzee, sikupiga ramli, sikuchinja kuku. Nilikuwa sipati usingizi, nilikuwa namwogopa mjukuu wangu. Sasa nalala. Kama ni dhambi uniambie nikiwa macho."

Mzee wa kanisa alifikiri. Akasema kwamba yeye hajui jambo hili ni nini, lakini haoni mahali dhambi ilipojificha ndani yake. Akaomba ruhusa ya kusali. Alisali sala ndefu, kama ilivyokuwa desturi yake, na fundi alibaki amepiga magoti, sindano imeshikwa hewani kati ya vidole, hajui kama aiweke au aishushe, mpaka tuliposema amina.

Siku ambayo siisahau haikuwa ya sindano. Nilikuwa nimetoka kuchota maji. Nilikuwa nimempa mtoto shangazi, lakini shangazi alikuwa ameitwa nyumbani kwake. Nilipokaribia nilisikia maji yakimwagwa ndani, na sauti ya Mama inaimba. Nikasimama mlangoni na mtungi kichwani. Alikuwa ameketi mbele ya chungu, miguu imenyooshwa, mtoto amelazwa juu ya miguu hiyo, kichwa kuelekea vifundoni, anamwagia maji kwa kiganja. Nikaona joto linampanda. Nililijua, lilianza juu ya mdomo. Mama aliacha kuimba. Hakumnyooshea mtu mtoto, hakuinuka. Alimshika kifuani kwa mkono mmoja, imara, akapumua polepole, jasho likamtoka kidogo usoni, akangoja. Likapita. Akamwagia mtoto maji mengine, akaendelea na wimbo pale alipouachia.

Ndipo aliponiona.

"Tua maji," alisema. "Utavunja shingo."

Niliutua mtungi, nikatoka nje nikaenda nyuma ya nyumba, mahali ambapo mume wangu alipenda kukaa akichonga. Nikamwambia. Mikono yake ilitulia juu ya ubao wa kitanda cha mtoto, akasema, "Kesho nitamwambia fundi."

Mama alirudi Ngonga wakati wa kuandaa mashamba ya mpunga. Joto halikumwacha kabisa. Lilikuja mara mojamoja, kama mgeni anayepita njiani na kuendelea na safari, na baada ya miaka michache halikuja tena. Kama ni sindano, kama ni usingizi, kama ni kule kuambiwa kwamba hana mimba na hana ugonjwa mbaya, mimi siwezi kupambanua. Nilimwuliza fundi mara moja. Alisema naye hawezi, na kwamba mjomba wake pia alikuwa hapendi swali hilo.

Hakutaka malipo yoyote, lakini Mama hakuwa mtu wa kupokea bila kutoa. Kwanza alimletea maziwa ya mgando. Fundi aliyaonja, akashukuru, na mume wangu alimwona akiyatoa kwa siri kwa mbwa wa bandarini. Basi msimu ule mpunga ulipovunwa, Mama alimletea mchele wa Ngonga, ule unaonukia ukiwa bado sufuriani. Fundi alichota kiganjani, akaunusa, akasema neno kwa lugha yake. Tulimwuliza amesema nini. Alisema ni jina la chakula cha mchana, kama mama yake alivyokuwa akiliita kutoka mlangoni. Tangu hapo kila mavuno Mama alimpelekea mchele, na kwa kuwa hakumwamini mtu yeyote kuufikisha, aliubeba mwenyewe.

Na alifanya jambo jingine ambalo sikulitegemea. Alianza kusema. Yeye aliyekuwa na maneno machache aliketi na wanawake baada ya ibada, akawaambia wazi wazi juu ya damu inayopumzika na moto unaokuja na kuondoka. Wengine waliziba masikio. Wengine walimsubiri njiani ili wamwulize wakiwa peke yao. Wachache aliwaleta kwa fundi, nami nikawa mkalimani wao, na swali lile la mwezi nilikuja kuliuliza bila kutazama mkeka.

Kabla ya vita fundi alitakiwa kurudi upande wa pwani, kulikokuwa na kazi kubwa za reli. Alituaga uwanjani kwetu. Mama alitembea kutoka Ngonga siku hiyo, na alipofika alipiga magoti mbele yake kama wanawake wa kwetu wanavyofanya kwa mtu wanayemheshimu. Fundi alifadhaika, akapiga magoti yeye pia, wakawa wamepiga magoti wote wawili wakitazamana.

"Ndaga fijo," Mama alisema. Asante sana.

"Ndaga, Mama," alijibu.

Nilikuwa nimejiandaa kutafsiri, lakini hawakuwa na lingine la kusema. Aliondoka na wapagazi, mfuko wa mchele begani, na hatukupata habari zake tena. Vita ilikuja muda si mrefu, watu wakachukuliwa kubeba mizigo, chakula kikawa shida, na katika mambo yale mtu mmoja aliyekwenda pwani hupotea. Nimemwombea kila mara nilipowaombea watu wa nyumbani mwangu. Sijui jina aliloitwa kwao, lakini naamini Mungu analijua.

Mama aliishi kuuona mwisho wa vita na miaka mingi baada yake. Aliwalea watoto wangu wote waliofuata, na wote aliwaogesha yeye. Alipozeeka sana alihamia kwangu, na wakati wa baridi alikuwa analalamika kutwa kwamba nyumba yangu ina upepo. Nilimfunika nguo moja, akataka ya pili, kisha ya tatu. Siku moja nilimwambia, "Mama, wewe huyu uliyekuwa unakimbia nje kifua wazi?" Akanitazama kutoka ndani ya nguo zake zote, akasema nisogeze moto karibu na niache maneno.